Jinsi ya kutengeneza filamu fupi ya kutisha kuhusu vijana wanaodhaniwa wana mapepo: mwongozo kamili kutoka Moshi

Nilipokuwa kidato cha pili, kaunta buku langu la kwaya tatu lilichomwa moto nyuma ya jiko. Watu wazima watatu walishikana mikono kuuzunguka ule moto, wakikemea. Ndani ya daftari kulikuwa na mazimwi niliyoyachora kwa kalamu ya wino, na kanuni za mchezo wa hadithi tuliokuwa tunacheza mimi na wenzangu watatu kwa dadu la ludo. Siku ile hakuna aliyenichukia. Mama alikuwa analia. Hicho ndicho kilichonitia hofu kuliko moto wenyewe, na ndicho ninachotaka ukiweke kwenye filamu yako: watu wanaokupenda, wana hakika, na wamekosea.

Mwongozo huu ni wa filamu ya dakika kama 15, yenye timu ya watu saba au wanane, inayopigwa kwa siku nne kwa simu nzuri au kamera ndogo. Nimeuandikia Moshi kwa sababu ndipo nilipopigia yangu. Aliye Arusha atautumia vilevile. Migomba na ukungu atavipata Ng'iresi au Tengeru.

Hatua ya kwanza: jifunze jinsi hofu inavyotembea

Usishike kamera kabla hujaelewa jambo hili, maana mpangilio wa hofu ndio mpangilio wa filamu yako.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Marekani. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo wa Dungeons & Dragons. Wachezaji wanakaa mezani, mmoja anasimulia, wengine wanasema wahusika wao watafanya nini, na dadu linaamua kama wamefaulu. Ni hadithi ya kutunga papo kwa papo, basi. Agosti 1979 mwanafunzi wa miaka 16 wa Chuo Kikuu cha Michigan State akapotea, na magazeti yakaeneza habari kwamba amepotelea kwenye mahandaki ya mvuke chini ya chuo akiwa katika mchezo huo. Kumbe alikuwa kijana mwenye msongo mzito wa mawazo, na alipatikana hai katika jimbo la Louisiana. Mchezo haukuhusika, lakini habari ilikuwa imeshakimbia. Mwaka 1982 mama mmoja wa Virginia, Patricia Pulling, alifiwa na mwanawe aliyejiua, na mwaka uliofuata akaanzisha kikundi cha kuupiga vita mchezo huo. Mwaka 1990 huko Reno, Nevada, bendi ya Judas Priest ilisimamishwa mahakamani kwa madai kwamba wimbo wake una maneno yaliyofichwa yaliyowafanya vijana wawili wajipige risasi. Jaji hakukubaliana na madai hayo.

Kisha ikaja West Memphis, Arkansas. Mwaka 1993 watoto watatu wadogo waliuawa. Mwaka 1994 vijana watatu wakatiwa hatiani kwa mauaji hayo, na sehemu ya yaliyosemwa dhidi yao yalikuwa nguo nyeusi, muziki wanaousikiliza na vitabu wanavyosoma. Mmoja alihukumiwa kifo. Waliachiwa Agosti 2011, baada ya miaka 18 gerezani. Na kabla ya mauaji hayo, mwaka 1992, Kenneth Lanning wa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, alikuwa ameshaandika ripoti akieleza kwamba ushahidi wa mitandao ya mauaji ya kishetani uliokuwa unahubiriwa nchi nzima haukuonekana.

Nakusihi usiishie hapo, usije ukatengeneza filamu ya Wamarekani waliovaa kanga. Sisi tuna zetu. Kashasha, mkoani Kagera, Januari 1962, wasichana watatu wa shule ya misheni walianza kucheka bila kujizuia. Kicheko kikaenea hadi kwa wanafunzi 95 kati ya 159, na shule ikafungwa mwezi Machi. Pemba na Unguja mwaka 1995 watu walikesha nje ya nyumba zao makundi kwa makundi wakimhofia Popobawa, pepo aliyesemekana kuwavamia watu usiku. Tangu enzi za ukoloni, mumiani, wanaodhaniwa kunyonya watu damu, wamekuwa wakitafutwa miongoni mwa watu waliokuja na gari, sindano au sare ambayo wenyeji hawakuizoea. Na shuleni kwetu ni nani hajawahi kuona wasichana wakianguka mmoja baada ya mwingine, walimu wakikimbilia maombi kabla ya kuuliza kama watoto wamekula?

Ukiviweka visa hivi pamoja utaona hatua zilezile. Kwanza kuna maumivu ya kweli: mtoto amekufa, amepotea, anaumwa. Pili, karibu na maumivu hayo kuna kitu ambacho wakubwa hawakijui. Tatu, anatokea mtu mwenye maelezo. Nne, maelezo yanageuka orodha ya dalili, na kila mzazi anakwenda kukagua begi la mwanawe. Tano, adhabu inatolewa kwa jina la kuokoa.

Usiiruke hatua ya kwanza. Filamu nyingi za namna hii zinaanzia kwenye ya tatu, kwa mhubiri anayepiga kelele, na mtazamaji anajua tangu dakika ya pili nani mjinga. Hapo hofu imekufa. Anza na maumivu ambayo mtazamaji mwenyewe angeyatafutia maelezo usiku huohuo.

Hatua ya pili: chagua burudani unayoijua kwa mikono yako

Inaweza kuwa kuchora katuni za Kijapani, kufoka kwa rap, kucheza dansi, au mchezo wa hadithi kama wetu. Mimi nashauri mchezo wa dadu, kwa sababu dadu peke yake lina historia mbaya mtaani. Kabla halijawa la shetani lilishakuwa la kamari, na mama wa kwenye filamu atapita kwenye wasiwasi wa kwanza kabla ya kufika kwenye wa pili. Ngazi hiyo inamfanya awe mtu.

Andika kanuni za mchezo kwelikweli, ukurasa mmoja, na waigizaji wako waucheze jioni tatu kabla ya siku ya kwanza ya kamera. Hapa sikubali njia ya mkato. Vijana wanaojifanya wanacheza wanaonekana mara moja: macho yanatafuta kamera, kicheko kinakuja kwa amri. Waliocheza kweli wanagombana kuhusu namba iliyotoka, wanaruka wakishinda, wanakatishana maneno. Mtazamaji akishaona furaha hiyo kwa dakika mbili, ataogopa kwa ajili yao.

Na zimwi lao lisitoke mbali. Katika hadithi za Wachagga yupo irimu, zimwi lililosimuliwa na mabibi jioni, migomba ikipiga makofi nje. Vijana wa filamu yako wamemchukua irimu kutoka kwa bibi wa mmoja wao, wakampa meno na namba za nguvu. Ikifika wakati mtu mzima anaishika picha na kusema hii ni roho chafu kutoka ng'ambo, bibi yupo chumbani, anasikia, na anajua picha hiyo imetoka mdomoni mwake.

Hatua ya tatu: mswada

Kurasa 15, kila ukurasa dakika moja. Nitakupa mfano wangu ili uone viungo vinavyoshikana. Wewe tunga wako.

Godlisten na Aikande wako kidato cha tatu. Pamoja na wenzao wawili hukutana Jumamosi kwenye stoo ya kahawa ya babu, Old Moshi. Aikande ndiye msimulizi. Jumamosi moja, irimu amefika mlangoni kwenye hadithi, Godlisten anashika dadu, halirushi. Anaanguka. Ni kifafa.

Sasa, siri ya mswada wangu ni hii: mama anajua. Godlisten anakunywa vidonge tangu darasa la tano, na mama amewaficha majirani kwa sababu anajua watakavyomwita mwanawe. Miaka yote hiyo hospitali imemwambia ugonjwa unadhibitiwa. Hakuna aliyemwambia utakwisha. Kisha anakuja jirani na kumwambia utakwisha usiku mmoja, chanzo ni daftari. Ungekuwa wewe ungechagua nini? Mama hadanganywi kwa ujinga. Anapewa tumaini ambalo hospitali ilikuwa mkweli mno kumpa.

Kwa hiyo zimwi la filamu hii ni pakiti ya vidonge iliyotupwa chooni. Mgonjwa wa kifafa akikatishwa dawa ghafla anaweza kupata kifafa kisichokoma, na hiyo ni hatari ya kufa. Mtazamaji ajue hilo mapema, kwa sentensi moja ya nesi ukurasa wa tatu, halafu usilirudie tena. Kuanzia pale vidonge vinapotupwa, kila dakika ya maombi ni dakika ya saa inayohesabu kurudi nyuma.

Lugha yetu yenyewe imeibeba imani hii. Pwani, degedege ni jina la maradhi ya mtoto, na wazee walilihusisha na ndege wa usiku anayepita juu ya nyumba. Usiwacheke wahusika wako kwa kitu ambacho kamusi zetu zinakihifadhi.

Anayeleta maelezo asiwe mchungaji mwizi. Huyo tumemwona mno, na anampa mtazamaji njia ya kutokea: tatizo ni yule tapeli, sisi wengine wazima. Mpe kazi hiyo jirani mwema, mama wa maombi aliyewahi kufiwa na mwanawe. Aingie taratibu, akiwa na ndizi mkononi.

"Bwana asifiwe, Mama Godi."
"Amina, mama. Karibu ndani."
"Sikai. Usiku nimeoneshwa kitu juu ya mtoto wako, nikashindwa kulala."

"Nimeoneshwa." Aliyekulia kwenye fellowship za Moshi anajua uzito wa neno hilo. Huwezi kumuuliza mtu kaoneshwa na nani. Mwache mwigizaji anyamaze baada yake, usimpe mstari mwingine.

Mchungaji mweke pembeni, awe mtu mwenye mashaka. Anajua kifafa ni nini. Anaangalia saa, anaangalia waumini walivyojaa, ananyamaza. Kwangu mimi huyo ndiye wa kutisha kuliko wote, na mwigizaji wake lazima awe bora kuliko wengine kwa sababu hana maneno.

Tumia pia isale. Aliyezaliwa Uchaggani anaujua mmea huo wa majani marefu unaopandwa mipakani mwa kihamba, shamba la ukoo, na anajua kwamba jani lake lililofungwa fundo ni ombi la msamaha ambalo ni vigumu kulikataa. Katika mswada wangu jani la isale linakutwa ndani ya kaunta buku, kwa sababu Aikande amelifanya kuwa silaha pekee inayomtuliza irimu. Mama wa maombi anaita uganga. Mama Godi anang'oa masale yote ya mbele ya nyumba. Kwenye shoti ya mwisho, hospitali, anaingia wodini ameshika jani moja lenye fundo, na Godlisten anamtazama. Kata kabla hajanyoosha mkono.

Irimu mwenyewe asionekane kamwe. Ruhusu kivuli kimoja nyuma ya stoo dakika ya sita au ya saba, kisichoelezwa. Mtazamaji naye aonje kuamini kidogo, ili baadaye asijione yuko juu ya mama.

Hatua ya nne: ruhusa, na watu

Filamu Tanzania inasimamiwa na Bodi ya Filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976. Anza kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako. Yeye ndiye atakayekuelekeza namna ya kuomba kibali, na mswada wako utahitajika. Droni ina kibali chake cha pekee kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kwa filamu hii huihitaji. Msitu wa Rau unavutia sana kwa kamera, ila ni hifadhi na una wenyewe. Kihamba cha shangazi kinatosha.

Kwa waigizaji walio chini ya miaka 18, ambao Sheria ya Mtoto ya 2009 inawatambua kuwa watoto, pata idhini ya maandishi ya mzazi. Na usimpelekee mzazi karatasi tu. Kaa naye, msomee sini (maonyesho) ngumu neno kwa neno, mweleze mwanawe atashikwa wapi na nani. Mimi nilitoka kwenye nyumba moja bila mwigizaji niliyemtaka, kwa sababu bibi yake alisema hataki mjukuu wake akemewe hata kwa kuigiza. Nilimshukuru nikaondoka. Alikuwa na haki.

Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa na kwa balozi wa nyumba kumi, uwaambie siku na saa. Yowe la usiku milimani halipuuzwi: watu hutoka na mapanga kusaidia, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Pita nyumba za jirani mwenyewe mchana, na jioni tuma mtu apite tena.

Nenda pia kwa kiongozi wa dini wa eneo hilo, umpe mswada ausome. Si kwa kuomba radhi. Wilaya hii ina misheni tangu karne ya 19, kanisa ndilo lililojenga shule nyingi tulizosoma, na hospitali ya rufaa ya KCMC iliyofunguliwa 1971 ni tunda la makanisa. Imani iliyowaza pepo na imani iliyojenga wodi za hospitali zimekaa benchi moja. Mchungaji niliyemwendea alinirekebishia mistari miwili ya maombi iliyokuwa ya uongo, na sini ikawa kali zaidi.

Usirekodi ibada halisi kwa siri ili upate sauti nzuri. Usipige sini ya kukemea ndani ya kanisa linalotumika. Tafuta darasa au ukumbi, panga viti vya plastiki, weka spika na kitambaa cha zambarau mezani, inatosha.

Hatua ya tano: mahali na majira

Epuka masika, Machi hadi Mei, isipokuwa kama una gari la kupanda tope la Old Moshi na Uru. Juni na Julai ndiyo miezi yako. Baridi inashuka, wingu linakaa chini, na asubuhi ukungu unaingia kati ya migomba bila kuulipia mashine. Jua huzama kama saa kumi na mbili na nusu jioni na giza linakuja upesi, kwa hiyo sini za magharibi zina dakika 20 tu za mwanga wa bluu. Fanyeni mazoezi yake saa kumi, wakati wenu ukifika mpige tu.

Kihamba kina tabaka zake: juu miti mikubwa, chini yake migomba, chini zaidi kahawa, na mfongo, mfereji wa maji, unapita katikati. Weka kamera chini, kwenye urefu wa mikahawa, umpige kijana akitembea ili majani yamkate mwilini. Mlima usiuonyeshe sana. Kibo ikitokea kila shoti, filamu inakuwa tangazo la utalii. Mimi niliionyesha mara moja tu, saa moja asubuhi baada ya usiku wa maombi, nyeupe na safi.

Hatua ya sita: kamera na mwanga

Umeme wetu ni wa hezi 50. Weka kamera fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, 1/50 ya sekunde, la sivyo taa za nyumbani zitameta kwenye picha na itakuwa vigumu kurekebisha baadaye. Kwenye simu tumia programu inayokuruhusu kufunga mwanga, fokasi na rangi ya picha. Simu ikiachwa ijiamulie, itang'arisha kila giza ulilolipanga kwa shida.

Kwa usiku, kila sini iwe na chanzo kimoja cha mwanga ambacho mtazamaji anakiona: kandili mezani, tochi ya simu, taa ya varanda ya jirani. Kisha saidia chanzo hicho kwa taa ndogo ya LED iliyofichwa upande uleule na kufunikwa kitambaa cha rangi ya chungwa. Usiwashe taa ya bluu kila mahali ukaiita mbalamwezi.

Ukitumia moto halisi, hasa kwenye stoo yenye magunia na maganda makavu ya kahawa, weka ndoo mbili za mchanga na mtu mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu. Sini ya kuchoma daftari ipige nje, kwenye ardhi iliyofagiliwa. Tengeneza kaunta buku tatu zinazofanana, zote zimechorwa na vijana wenyewe, na lile bora kuliko yote usilichome. Nitakuambia baadaye la kufanya nalo.

Hatua ya saba: sauti

Mtazamaji husamehe picha yenye chenga. Sauti mbovu hasamehi, na filamu ya kutisha nusu yake ni masikio. Kama huna maikrofoni ya bei, tumia simu ya pili: iweke hali ya ndege, washa kinasa sauti, ifunge kifuani mwa mwigizaji chini ya shati, na upige kofi mbele ya kamera kila mwanzo wa teki, yaani kila mara mnapopiga shoti, ili uoanishe sauti na picha baadaye.

Majani ya mgomba makavu hutoa sauti kama mtu anayetembea kwa siri. Hilo ni baraka na laana. Kila mahali unapopiga, nyamazeni nyote mrekodi dakika nzima ya pale tu: upepo, mfongo, jogoo, bodaboda inayopanda kilima mbali. Bila hiyo, kila ukikata shoti, sauti ya nyuma itaruka.

Rekodi dadu peke yake, mara 30 au zaidi: likidondoka mezani, sakafuni, ndani ya sufuria, ndani ya kiganja kilichofumbwa. Nililitumia kama mapigo ya moyo ya filamu nzima. Mwanzoni linasikika likiwa na vicheko. Kwenye maombi, vidole vya Godlisten vinagonga sakafu kwa mwendo uleule, na hakuna muziki duniani utakaofanya kazi hiyo vizuri zaidi. Spika ya maombi nayo iache ipige ule mluzi wake mara moja, kabla mtu hajasema neno. Rekodi za kwaya zina wenyewe. Ukitaka wimbo, tunga mwenyewe na uimbwe na waigizaji.

Hatua ya nane: kifafa na maombi

Hapa nenda polepole kuliko mahali pengine popote.

Kwanza kifafa chenyewe. Tafuta nesi akufundishe wewe na mwigizaji, kwa sababu unachokionyesha watu watakiiga nyumbani. Mgonjwa hafungwi, hawekewi kijiko mdomoni, hanusishwi kiberiti. Anaondolewa vitu vya kumuumiza, anawekwa kitu laini chini ya kichwa, mitetemo ikipungua analazwa ubavu, na mtu anaangalia saa: ikizidi dakika 5, hospitali. Kwenye filamu yangu mtu mzima mmoja anakimbilia kijiko na Aikande anamshika mkono. Ni sekunde nne na inaweza kumfaa mtu. Weka godoro jembamba chini ya mkeka, piga teki mbili tu, na kamera ikae mikononi na miguuni zaidi ya usoni. Uso wa mgonjwa akiwa katika hali ile si mali ya mtazamaji.

Halafu maombi. Waigizaji wako wengi watakuwa waumini, na baadhi wataogopa kwa dhati kutamka "shindwa" na "toka" kwa kuigiza. Usiwadharau. Sisi tulisali kweli kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, kila mtu kwa namna yake, Waislamu wawili wa timu wakiwa nasi. Mlipangie onyesho hilo kama dansi: nani anashika bega lipi, nani anasimama wapi. Mkono wa kichwani unaelea juu ya nywele bila kukandamiza. Hakuna anayemkalia mwigizaji wala kumbana kifua. Chagueni neno moja la kusimamisha kila kitu, lisilofanana na neno lolote la mswada. Letu lilikuwa "parachichi". Kijana akilisema, hata akilisema kwa mnong'ono, kamera inazimwa na hakuna anayemuuliza kwa nini.

Piga sini hiyo mchana, madirisha yamezibwa kwa magunia, waigizaji wakiwa wamekula. Usikeshe na watoto ili wachoke vizuri. Damu huihitaji. Kama lazima liwepo tone moja mdomoni mwa aliyejing'ata ulimi, sukari iliyochemshwa na rangi ya chakula inatosha.

Sauti za wanaoomba zipandishe taratibu kwa dakika tatu nzima bila kukata shoti, kamera ikiwa mlangoni, kwenye urefu wa macho ya mchungaji. Tunaona anachokiona. Kisha vidole vinaacha kugonga. Maombi yanaendelea. Mpe mtazamaji sekunde kumi za kugundua kabla mtu yeyote chumbani hajagundua.

Hatua ya tisa: kuhariri, na kuonyesha

Nakili mafaili mahali pawili kila usiku, kabla ya kula. Toleo la kwanza litakuwa dakika 25, usiogope. Punguza maneno kwanza, halafu muziki, halafu kila shoti inayomwonyesha mama akiwa mbaya. Rangi iache ya asubuhi ya Moshi, ya kijivu na kijani.

Filamu ikikamilika irudishe Bodi ikaguliwe na kupangiwa umri wa watazamaji kabla hujaionyesha hadharani. Tamasha la filamu la ZIFF la Zanzibar, lililoanza 1998, hupokea filamu fupi, na ukumbi wa shule au wa kata hauna gharama kubwa. Kwenye meza ya mlangoni weka lile kaunta buku ambalo hukulichoma, watu walipekue kurasa wenyewe wakati wanaingia. Usiwasimamie.

Ila kabla ya ukumbi wowote, kabla hata ya kuituma kwa rafiki, waite wazazi wa vijana walioigiza, waketi mbele, uwaonyeshe peke yao. Waulize kama kuna shoti wasiyotaka dunia iione, na ukubali jibu kabla hujalisikia. Kwangu ni baba wa kijana aliyeigiza Godlisten aliyenyoosha mkono. Alitaka itoke ile ambapo mwanawe, katikati ya kelele, anageuza shingo kumtafuta mama yake. Ilikuwa shoti bora kuliko zote nilizopata siku zote nne. Ilikuwa na sekunde 9. Niliikata usiku uleule.